Habari za Daktari Arthur wa Thogoto

Mtu akishuka garini pale Kikuyu na kuifuata njia iendayo Thogoto, ataona kanisa kubwa la mawe, na si mbali nalo hospitali, na shule zaidi ya moja. Jina lenyewe Thogoto si neno la asili la Kikuyu. Wazee wa zamani walipojaribu kuitamka nchi ya wale wageni Waskoti, ndimi zao zikatoa Thogoto, na jina likakaa mpaka leo.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyekufa zamani, aandike habari zake, kisha azisome mbele ya wenzake. Mimi nilimchagua Daktari John William Arthur, nikidhani kazi itakuwa nyepesi: daktari mwema, mtu wa dini, basi. Nilipomaliza kusoma yakazuka mabishano makubwa, hata kengele ikalia hatujamaliza. Wengine walisema huyu alikuwa mtetezi wa Waafrika, wengine wakasema alikuwa mtu wa kuwaonea. Mhariri wa gazeti letu akaniomba niiandike habari upya kwa ajili ya wasomaji. Nimeongeza yale niliyoyaacha mara ya kwanza kwa haya, maana nimeona kuwa yalikuwa ndiyo kiini chenyewe.

Kwanza yapasa nieleze jinsi misheni ilivyofika. Mwaka 1891 kundi la Waskoti liliondoka Mombasa kwa miguu likiongozwa na Dk. James Stewart, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa Lovedale, Afrika Kusini. Gharama zilitolewa na mabwana wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pande hizi wakati ule, na mkubwa wao alikuwa Sir William Mackinnon. Wakapiga kambi Kibwezi, katika nchi ya Wakamba. Mahali palikuwa pazuri kwa macho, lakini mbu walikuwa wengi, na homa ikawaua baadhi yao. Ndipo mwaka 1898 Bwana Thomas Watson akaihamisha misheni kwenda nchi ya juu, Dagoretti, karibu na Thogoto ya leo. Walifika wakati wa ile njaa kuu ambayo wazee waliisimulia kwa miaka mingi, na pamoja na njaa ulikuja ugonjwa wa ndui. Watson mwenyewe alikufa mwaka 1900. Mkewe, Bibi Minnie Watson, angeweza kupanda meli kurudi kwao, asirudi. Alibaki akilisha na kufundisha watoto, naye akaendelea na kazi ile mpaka mwaka 1931. Huyu anastahili makala yake peke yake, na labda mwanafunzi mwingine ataiandika.

Mwaka 1901 Kanisa la Uskoti likaipokea misheni hiyo kuwa yake, likamtuma David Clement Scott, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Blantyre katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Scott alipata kwa Serikali ardhi ya ekari kama 3,000, akitumaini kwamba shamba litailisha misheni. Wasomaji waikumbuke ardhi hiyo, kwa sababu Wakikuyu hawakuisahau.

Daktari Arthur alizaliwa mwaka 1881 mjini Glasgow, katika nyumba ya watu wenye mali na wenye kumcha Mungu. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha mji ule ule. Alifika Kikuyu mwanzo wa mwaka 1907, naye alikuwa kijana bado, hajatimiza miaka 30. David Scott alikufa mwaka huo huo, na mahali pake pakashikwa na Dk. Henry Scott, ambaye hakuwa ndugu yake ingawa jina ni moja.

Kazi ya kwanza ya Arthur ilikuwa kuwatibu watu ambao hawakumwita. Mgonjwa wa Kikuyu wakati ule alikuwa na mganga wake anayemjua, na kumwendea Mzungu mwenye visu halikuwa jambo dogo. Wakaja kwanza wale waliokuwa wamekata tamaa, wenye vidonda visivyopona. Mmoja akipona, jirani yake huja. Hospitali hiyo imekua hata leo inajulikana mbali, hasa kwa wagonjwa wa macho. Daktari alipenda pia michezo, na kupanda milima. Alijaribu mara kadhaa kuupanda Mlima Kenya, asifike kilele cha juu kabisa.

Miongoni mwa watoto waliofika misheni siku zile alikuwa mvulana mmoja, Kamau wa Ngengi, aliyeingia mwishoni mwa mwaka 1909. Aliugua, na Daktari Arthur akamtibu. Mwaka 1914 akabatizwa, akaitwa Johnstone Kamau. Wasomaji wanamjua kwa jina alilojipa baadaye: Jomo Kenyatta. Tutamwona tena.

Mwaka 1911 Henry Scott naye akafa, na Arthur akawa mkuu wa misheni yote akiwa na miaka 30 au pungufu. Mwaka 1915 akawekewa mikono kuwa mchungaji. Tangu hapo dawa aliwaachia wengine zaidi na zaidi, yeye akawa mtu wa mikutano na barua. Mimi naona hapo palikuwa na hasara. Nimesoma habari zake zote nilizozipata, na hakuna mahali anapopendeza kama pale alipokuwa daktari tu.

Sasa nieleze kidogo imani ya kanisa lake, maana darasani niliulizwa tofauti yake na makanisa mengine nikababaika. Neno Presbiteri latoka katika Kiyunani, maana yake ni mzee. Kanisa hili halina askofu. Wachungaji wote ni sawa, na kila kanisa huongozwa na baraza la wazee waliochaguliwa pamoja na mchungaji wao. Juu ya mabaraza hayo kuna presbiteri, na juu ya presbiteri kuna Mkutano Mkuu, na anayeuongoza huwa kwa muda tu, kisha humpisha mwingine. Neno la Mungu katika Biblia ndilo lenye amri kuliko desturi ya kanisa au mtu ye yote. Watoto wachanga wa waumini hubatizwa. Meza ya Bwana huandaliwa kwa watu waliofundishwa na kupokewa. Utaratibu huu ulitoka Geneva kwa Calvin, akauleta Uskoti John Knox mwaka 1559 na 1560. Kwa Wakikuyu haukuwa mgeni sana, kwa maana wao hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee katika kiama. Wazee wa kwanza Waafrika wa kanisa hili waliwekwa mwaka 1920, na wachungaji wa kwanza mwaka 1926, akiwamo Musa Gitau.

Mwezi wa Juni mwaka 1913 misheni za Kiprotestanti zilikutana Kikuyu kutafuta umoja. Walikuwapo maaskofu wawili wa Kianglikana, Willis wa Uganda na Peel wa Mombasa. Mwisho wa mkutano walikula Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, na askofu Peel ndiye aliyeongoza. Kwetu sisi leo jambo hili ni dogo. Lakini huko Unguja Askofu Frank Weston aliposikia, alikasirika mno, akawashtaki wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa wamepotoka katika imani. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari za Kikuyu, mahali ambapo wasomaji wao wengi hawakuwahi kupasikia. Mkutano wa pili ukafanyika mwaka 1918, na Weston mwenyewe alikuja. Kanisa moja halikupatikana, ila ushirikiano wa misheni ulianzishwa, na matunda yake nitayataja.

Baina ya mikutano hiyo miwili vilipita Vita Vikuu vya Kwanza. Hapa ningependa msomaji atulie kidogo.

Majeshi ya Waingereza yaliwafuata Wadachi katika nchi ya Tanganyika, na kila risasi na kila mfuko wa unga ulibebwa na mtu kichwani, kwa sababu farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Watu hao waliitwa Karia Ko, na jina hilo liko bado Nairobi na Dar es Salaam, ingawa wengi wanaonunua nguo na ndizi huko hawajui limetoka wapi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya elfu. Wengi hawakuuawa kwa bunduki. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa baridi, na kwa kula unga ambao haukuiva vizuri. Mwaka 1917 Serikali ilipoamua kukusanya watu kwa wingi kuliko mwanzo, Daktari Arthur alitoa shauri: watu wa misheni waende kwa hiari yao, chini ya viongozi wao wenyewe, naye aende nao. Wakatoka zaidi ya 1,500 kutoka misheni mbalimbali za Ukikuyu, naye akavaa sare ya kapteni. Walikuwa na wamisionari waliojua lugha yao, chakula chao kiliangaliwa, na wagonjwa wao walitunzwa. Basi vifo vyao vilikuwa vichache sana kuliko vya vikosi vingine.

Nilipolisoma hili darasani, mwenzangu mmoja aliuliza: kama iliwezekana kuwatunza hawa, kwa nini wale wengine hawakutunzwa? Sikuwa na jibu la kumpa. Wala sidhani ni Arthur wa kujibu.

Baada ya vita likaja jambo la mwaka 1919, ambalo si la kumsifia. Gavana Northey alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya masetla. Kila mtu alijua maana ya kuhimizwa na chifu. Arthur, pamoja na Askofu Willis na Askofu Heywood wa Mombasa, waliandika maelezo kuhusu waraka huo. Walionyesha hatari zake wazi wazi, jinsi wanawake na watoto watakavyoonewa. Lakini hawakuikataa kazi ya lazima yenyewe. Walisema afadhali iwe ya sheria na yenye mipaka kuliko kuachwa mikononi mwa machifu. Aliyeikataa kabisa ni yule yule Weston wa Unguja, ambaye aliandika kuwa huo ni utumwa. Mtu aliyekasirishwa na Meza ya Bwana mwaka 1913 ndiye aliyeona sawasawa mwaka 1919, na yule aliyekuwa mpole katika dini akalegea katika haki. Mwaka 1921 London ikaamuru Serikali isiwatafutie masetla vibarua kwa nguvu.

Hata hivyo Arthur alitambuliwa kuwa msemaji wa Waafrika, kwa kuwa Waafrika hawakuruhusiwa kujisemea. Mwaka 1923 alikwenda London wakati wa mazungumzo ambayo mwisho wake Serikali ya Uingereza ilitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na faida yao itangulie. Mwaka 1924 akateuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kusema kwa niaba yao, na baadaye katika Baraza la Utendaji la Gavana. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944 tu. Naye Mathu alikuwa amesoma katika Alliance High School, shule iliyofunguliwa Kikuyu mwezi wa Machi mwaka 1926 na ule ushirikiano wa misheni ambao Arthur alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Nadhani hakuna kazi yake nyingine iliyoigeuza Kenya kama hiyo.

Sasa nafika mwaka 1929.

Misheni ya Waskoti ilikuwa imefundisha tangu mwanzo kwamba wasichana wasitahiriwe. Arthur alisema kama daktari. Yeye na wenzake walikuwa wamewaona wanawake wakiteseka katika uzazi kwa sababu ya makovu, na wengine kufa pamoja na watoto wao. Kwa Wakikuyu wengi, desturi hiyo ilikuwa mlango wa kuingia utu uzima. Msichana asiyepita hapo hakuwa na rika wala heshima, na kuolewa kwake kulikuwa mashaka. Mwezi wa Machi 1929 wajumbe wa makanisa, Waafrika, walikutana Tumutumu wakaikataa desturi ile. Chama cha Kikuyu Central Association kikapinga. Ndipo Arthur akachukua hatua iliyozaa yote yaliyofuata. Alitaka kila muumini na kila mwalimu atie alama ya kidole katika hati kwamba ameachana na tohara ya wasichana, na pia ameachana na chama kile. Alama hiyo iliitwa kirore.

Hebu fikirini jinsi mtu wa mwaka ule alivyoitazama karatasi ya kutia kidole. Kipande, ambacho alilazimika kukivaa shingoni, kilikuwa na alama za vidole vyake. Ardhi yake alikuwa ameiona ikienda kwa karatasi asizoweza kuzisoma. Na misheni inayomletea karatasi hii inakaa juu ya zile ekari 3,000. Uvumi ukaenea kuwa kutia kidole ni kutoa shamba. Katika majuma machache waumini wengi waliondoka, walimu waliokataa wakafukuzwa, na madarasa yakabaki na watoto wachache. Waliokataa wakaitwa aregi. Ukazuka wimbo wa kucheza, Muthirigu, wa kuwadhihaki wamisionari na machifu, ukaimbwa kila mahali hata Serikali ikaupiga marufuku mwezi wa Januari 1930. Mwezi huo huo huko Kijabe Bi. Hulda Stumpf, mmisionari wa Kimarekani aliyekuwa mzee, aliuawa nyumbani mwake. Gavana hakupenda ghasia hizo. Arthur akatoka katika Baraza la Utendaji.

Aregi hawakuacha Ukristo wala kusoma. Walijijengea shule zao wenyewe kwa harambee kabla neno hilo halijatumiwa na Serikali, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Baadhi yao walimwita Askofu Mkuu Daniel Alexander kutoka Afrika Kusini aje kuwawekea makasisi, na hivyo ndivyo Kanisa la Kiorthodoksi lilivyoingia Ukikuyu. Yule mvulana Kamau, ambaye naye alipata kuadhibiwa na baraza la wazee mwaka 1920 kwa ajili ya pombe na ndoa ya kienyeji, alichapisha mwaka 1938 kitabu chake Facing Mount Kenya, akaieleza na kuitetea desturi hiyo mbele ya wasomi wa Ulaya.

Kwetu nyumbani pande zote mbili zipo. Watu wa mama yangu walitia kidole. Watu wa baba yangu walikuwa aregi, na mpaka leo nyanya yangu mzaa baba husali kwa Waorthodoksi. Mimi ni msichana wa miaka 17, na katika darasa letu hilo ndilo lililofanya sauti yangu itetemeke, maana si historia tu. Nashukuru sana kwamba kisu hicho hakikunigusa, wala hakikumgusa mama yangu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakikataza kwa kila mwanamke. Katika jambo lenyewe Daktari Arthur alikuwa na haki, na wanaosema alitunga uongo juu ya mateso ya wanawake hawajazungumza na wakunga. Lakini ninapomfikiria baba wa babu yangu amesimama mbele ya meza, anaambiwa aache desturi na chama na kuweka kidole chake kwa siku moja, naelewa kwa nini aligeuka akaenda zake. Na wasichana wenyewe, je, nani aliwauliza? Sikuona popote kwamba waliitwa kusema, si na misheni wala na chama. Mwaka 1956 kule Meru wazee wa Njuri Ncheke walipoikataza tohara hiyo, wasichana wengi walijitahiri wao kwa wao porini kwa sababu ya kukatazwa tu. Habari hiyo ilinitia huzuni kuliko zote.

Wenzangu kadhaa wanasema kwamba kama Arthur angebaki kwenye hospitali, akafundisha wakunga, mambo yangekwisha polepole bila vurugu. Labda. Lakini wale wasichana wa mwaka 1929 hawakuwa na muda wa kungoja polepole. Tulibishana hivyo mpaka bwenini usiku.

Waumini wengine walirudi baada ya miaka kadhaa. Kanisa kubwa la mawe la Thogoto, liitwalo Kanisa la Mwenge, lilifunguliwa mwaka 1933. Mwaka 1937 Daktari Arthur aliaga, akarudi Uskoti baada ya miaka 30, akawa mchungaji wa kanisa la kijijini. Mwaka 1943 kanisa alilolilea likachukua jina lake la sasa, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na mwaka 1961 Mchungaji Charles Muhoro Kareri akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Moderata wake.

Arthur alikufa mwaka 1952. Ulikuwa mwaka ule ule wa Hali ya Hatari, ambapo Kenyatta alikamatwa na shule za aregi zikafungwa na Serikali, Githunguri ikiwa mojawapo.